Shangazi, mbona nafunga Ramadhani nzima lakini elfu nne inanishinda?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, naendesha bodaboda hapa Tanga. Nina mke na mtoto mmoja ambaye mwakani anaanza chekechea. Nakuandikia kwa sababu juzi mke wangu aliniambia neno ambalo limenikaa kichwani: "Baba nanihii, wewe huna nidhamu ya pesa." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningesahau.

Pikipiki ninayoendesha si yangu. Nampelekea bosi hesabu ya 8,000 kila siku, mafuta ni juu yangu. Siku nzuri nabaki na 12,000 au 15,000. Siku ya mvua nabaki na 5,000, au narudi mikono mitupu. Nimeshapiga mahesabu mara nyingi: pikipiki mpya inakwenda kama 3,000,000, nikiweka 4,000 kila siku ya kazi, baada ya miaka miwili na nusu nina chombo changu mwenyewe. Kwenye karatasi inawezekana kabisa.

Tatizo ni kijiwe. Tuko kama ishirini. Asubuhi ni supu na chapati, na aliyebahatika jana kupata abiria wa mbali ndiye anayelipia wenzake. Mchana chipsi mayai. Jioni tunaweka mikeka ya kubeti mpira. Ukisema leo siweki, unaulizwa kama unajenga ghorofa. Mwenzetu mmoja alianza kubeba chakula kutoka kwake, wakampa jina la Hotpoti, na mpaka leo hata abiria wanamwita hivyo.

Mwaka jana nilimpa fundi anitengenezee kibubu cha bati, akakichomelea pande zote kisifunguke. Basi ukaja msimu wa mechi kubwa nikagundua kitu. Ukichukua njiti mbili za chelewa, ukazipitisha kwenye tundu, ukaibana noti na kuizungusha taratibu, inatoka yenyewe. Nilianza na elfu mbili ya mkeka. Baadaye kibubu ukikitikisa kinalia sarafu tupu.

Kabla ya hapo nilikuwa na pikipiki ya mkataba kwa bosi mwingine. Nilikuwa namlipa 10,000 kila siku, tukakubaliana baada ya miezi 14 iwe yangu. Mwezi wa 13 akasema ana madai ya siku nilizougua malaria, akachukua pikipiki. Hatukuandikishana popote na kadi ilikuwa na jina lake. Niliporudi kijiweni waliniambia, "Si tulikwambia? Kula chako mapema."

Kinachonichanganya ni mambo mawili. Mke wangu anauza vitumbua, anachopata ni nusu ya changu, lakini kwenye kikoba chao hajawahi kukosa hisa. Na mimi mwenyewe Ramadhani nafunga mwezi mzima, juani, koo limekauka, napeleka abiria sokoni kwenye harufu za vyakula na wala sitamani. Sasa mtu anayeweza hilo anashindwaje na elfu nne? Je, nina tatizo la akili? Au nihame kijiwe?

Dereva, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Huna tatizo la akili. Na niruhusu nianze na Ramadhani, maana umeitaja mwishoni kama kitu cha pembeni.

Hebu itazame Ramadhani ya kijiweni kwenu. Hakuna supu asubuhi. Wenzenu wasiofunga, hata kunywa maji wanasogea kando kwa heshima. Migahawa mingine imefunga, mingine imeshusha pazia. Alfajiri mkeo amekuamsha ule daku. Anayekula hadharani ndiye anayeona haya, na anayevumilia hakuna anayemuuliza kama anajenga ghorofa. Halafu kuna jambo lingine kubwa: magharibi haijawahi kukosa kufika. Unajua saa ya kufuturu, unajua adhana itasikika na uji upo jikoni. Sisemi imani yako haina kazi. Nia ni yako na Mola wako. Ninachosema ni kwamba nia hiyo imezungukwa na watu wanaosubiri pamoja nawe, na unachokisubiri kina uhakika. Mwezi wa Shawwal moyo wako ni ule ule, lakini sasa umezungukwa na desturi nyingine kabisa.

Hili limepimwa, tena kwa watoto wadogo ambao hawajui hesabu wala mkeka. Kuna jaribio mashuhuri lililoanzia Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960: mtoto anawekewa peremende moja laini mezani, anaambiwa asipoila mpaka mkubwa arudi, atapewa mbili. Kwa miaka mingi watu walilichukua kama kipimo cha uimara wa moyo. Mwaka 2022 watafiti wa Japani na Marekani wakachapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa Kyoto na wa Boulder, mji wa Marekani. Safari hii walipima vitu viwili: kitamu cha kula, na zawadi iliyofungwa kwenye karatasi. Watoto wa Kyoto walingoja chakula karibu mara 3 zaidi ya walivyongoja zawadi. Wa Boulder mambo yakageuka, zawadi waliingoja karibu mara 4 zaidi ya chakula. Kwa nini? Kyoto mtoto anazoeshwa tangu mdogo kutogusa sahani mpaka wote wamepakuliwa. Boulder mtoto anazoea kuziona zawadi za Krismasi zimewekwa chini ya mti siku nyingi bila kufunguliwa. Kila mmoja aliweza kungoja pale ambapo kwao kungoja ni kawaida. Ungewapima kwa chakula peke yake ungesema Wamarekani hawana subira. Ungewapima kwa zawadi peke yake ungewasema Wajapani.

Wewe mkeo amekupima kwa pesa peke yake. Angekupima kwa futari angesema ana mume jabali.

Mji huo huo wa Boulder, katika utafiti uliochapishwa 2018, watoto waligawanywa makundi kwa rangi ya fulana. Mtoto akaambiwa wenzake wa fulana kama yake waliingoja peremende ya pili, na wale wa rangi nyingine hawakungoja. Waliosikia hivyo walijizuia zaidi kuliko walioambiwa kundi lao halikungoja. Kundi lenyewe halikuwapo chumbani. Ni fulana tu na maneno. Sasa wewe una watu ishirini wa kweli, unakula nao, unashinda nao juani, halafu unashangaa kwamba wana nguvu juu ya mkono wako.

Nije kwa yule bosi wa mkataba, kwa sababu nadhani ndiye aliyekuumiza kuliko unavyoonyesha. Umemtaja kwa mistari michache, lakini angalia kilichofuata: kibubu kikafunguliwa kwa chelewa. Huko Rochester, Marekani, kuna watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2013. Kwanza waliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kwa nusu yao mkubwa alirudi na vifaa, kwa nusu nyingine alirudi akaomba radhi kwamba havipo. Ndipo wakaletewa jaribio la peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani kama dakika 12, walioangushwa kama dakika 3. Mtoto aliyeona ahadi ikivunjwa hakuwa mlafi kuliko mwenzake. Alikuwa amejifunza. Wewe ulisubiri miezi 13, ulilipa fedha zinazozidi bei ya pikipiki yenyewe, halafu ukanyang'anywa. Na kijiwe kizima kilishuhudia. "Kula chako mapema" ni somo ambalo madereva wengi wamelilipia kama wewe, ndiyo maana linasemwa kwa uhakika namna ile.

Kwa hiyo, usihame kijiwe. Supu ile ya asubuhi unaiona kama hasara, mimi naiona pia kama bima. Leo umepata abiria wa mbali, unalipa. Kesho mvua inanyesha, unalipiwa. Ukianguka na pikipiki, hao hao ndio watakaokukimbiza hospitali na kupitisha mchango. Ukiondoka utafika kijiwe kingine ukiwa mgeni asiye na wa kumchangia, na huko nako kuna supu yao. Desturi ya kijiwe chenu inamlinda mtu na njaa ya siku moja, na inafanya hivyo vizuri. Ila haina njia ya kumfikisha mtu kwenye milioni tatu, na hiyo njia ndiyo mnayotakiwa kuitengeneza humo humo ndani.

Usisimame mbele ya watu ishirini ukaanza kuhubiri akiba. Watakupa jina kabla hujamaliza. Anza na yule mnayemwita Hotpoti. Ndiyo, mnayemwita, maana na wewe umeliandika jina hilo bila kusita. Mtu aliyevumilia jina la kejeli mpaka abiria wakalijua, na bado anabeba chakula chake, huyo anajua anakoelekea. Kaa naye, mwombe radhi ikibidi, mwulize anaweka wapi. Halafu tafuteni wengine watatu. Wapo, amini. Katika watu ishirini wanaocheka pamoja mezani, wapo wanaolipia supu huku wakiwaza kodi ya nyumba, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake kwa sababu hakuna anayelisema kwa sauti.

Mkiwa watano, ile elfu nne yako inabadilika sura. Watano kwa 4,000 ni 20,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 520,000 kwa mwezi. Ndani ya miezi sita mna bei ya pikipiki moja. Peke yako ungengoja miaka miwili na nusu kuona chombo cha kwanza. Mkiwa watano, mmoja wenu anakipata nusu ya kwanza ya mwaka, na wengine wanne wanakiona kwa macho kimeegeshwa pale kijiweni. Tena aliyekipata halipi hesabu tena, basi mkubaliane tangu mwanzo kwamba mchango wake unapanda hadi 8,000. Foleni inakwenda mbio zaidi.

Mchezo wa namna hii hufa kwa sababu moja: wa kwanza anapokea, anaingia mitini. Msikubali kuanza kwa kuaminiana tu, wewe umeshaona mwisho wake. Andikeni makubaliano, kila mmoja asaini na wadhamini wake, mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi. Kadi ya pikipiki ibaki mikononi mwa kikundi mpaka mwanachama wa tano apate yake. Fedha itumwe kila jioni saa ileile mnayomaliza hesabu za mabosi, kabla ya mkeka, na isikae kwenye simu ya mtu mmoja mwenye uwezo wa kuitoa peke yake. Kikibaki kikundi cha kudumu, kipelekeni kwa afisa maendeleo ya jamii kikasajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya akiba, na kikundi cha vijana kilichosajiliwa kinaweza kuomba mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo vijana wametengewa asilimia 4.

Sasa kibubu. Kule magharibi mwa Kenya, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vyama vya kuzungushiana pesa njia mbalimbali za kuweka akiba ya afya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wengine walipewa sanduku na ufunguo wake. Wengine sanduku ambalo ufunguo unashikwa na mtu wa mradi mpaka lengo litimie. Mtu angedhani la pili ndilo lingefanya kazi. Ikawa kinyume: wenye ufunguo wao waliongeza matumizi ya kinga kama vyandarua kwa zaidi ya nusu, na lile lililofungwa halikusaidia sana, kwa sababu watu waliogopa kutia pesa mahali wasipoweza kuifikia mtoto akiugua. Na wenye ufunguo walisema faida moja kubwa ni kwamba ndugu au jirani akija kuomba waliweza kumjibu: hela hii ina kazi yake. Walioinua matumizi hayo kuliko wote, zaidi ya maradufu, ni wale ambao chama chenyewe kilitenga mchango wa ziada kwa kazi hiyo, kila mmoja akiangaliwa na wenzake.

Kibubu chako kilikuwa kimechomelewa pande zote, na hukuwa na pesa nyingine ya dharura. Kingechokolewa tu, kama si kwa mkeka basi kwa homa ya mtoto. Kwa hiyo tenganisha. Weka kisanduku kidogo chenye kufuli nyumbani kwa ajili ya maradhi na pancha, ufunguo ashike mkeo. Ile 4,000 ya pikipiki iende kwenye kikundi, isilale kwako hata usiku mmoja.

Supu endelea nayo, lipa zamu yako kama mwanaume. Chipsi ziache, na uziache kwa sentensi moja isiyo na maelezo: hela ina kazi yake. Wiki ya kwanza watakucheka. Mkiwa wawili mnaosema hivyo hivyo, kicheko kinapungua nguvu. Mkiwa watano, yupo atakayekuja pembeni kuuliza mnafanyaje.

Kuhusu mikeka sitakuzungusha: acha. Najua ulikuwa unatafuta nini pale. Utafiti wa Sylvan Herskowitz kwa vijana wanaobeti Kampala, uliochapishwa 2021, ulionyesha wengi wanatafuta donge la pesa la kununulia kitu kikubwa, kwa sababu hawaoni njia nyingine ya kulipata. Walipopewa kisanduku cha akiba, hamu ya tiketi ilipungua. Ndiyo maana nakutaka uanze kikundi kwanza, kisha uutazame mkono wako. Ukiona kikundi kimeanza na bado usiku unatafuta pesa ya kubeti kwa siri, mwambie mkeo na mwende hospitali mkaonane na mtaalamu, maana hapo ni uraibu na hautibiwi na kikundi.

Yule bosi wa zamani usimsamehe kwa kukosa karatasi tu. Sheria ya mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, kazi ni kuyathibitisha. Kama uliwahi kumlipa kwa simu, zitafute meseji zile na uombe taarifa ya miamala kwa mtandao wako. Wenzako kijiweni walijua mkataba wenu, hao ni mashahidi. Ulizia ofisi ya mtaa au kata wasaidizi wa kisheria walipo, huduma yao ni bure, watakuelekeza kama shauri linafaa kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Siwezi kukuahidi kwamba utalipwa. Lakini kijiwe kikikuona unadai, kuna kitu kitatikisika kwenye ile "kula chako mapema".

Mwisho, mkeo. Alichokiona amekiona sawa, pesa haikai kwako. Chanzo ndicho alichokikosea, na unaweza kumweleza bila ugomvi. Mwulize tu siku ya kikoba inakuwaje: majina yanaitwa mbele ya wote, anayechelewa anapigwa faini, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mzunguko ukiisha wanagawana kweli. Hajawahi kudhulumiwa pale. Ukimaliza kumsikiliza, mwombe akuazime daftari lao la kanuni siku moja, ukalinakili. Vifungu vya faini na vya anayetoroka na mchango msivibadilishe hata neno moja, na uende nalo kwa Hotpoti, ukimwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake.

Shangazi